Egesha kwa Kurudi Nyuma

Kyela mjini,
16 Julai.

Kaka yangu Hezekia,

Shikamoo. Ugonile? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wanafunzi wako, na kwamba kile kikohozi cha vumbi ulichonieleza mwezi uliopita kimekuacha. Kama bado kinakung'ang'ania, Mama anasema uache kujifanya msomi, uchemshe mchaichai unywe. Sisi huku Ngonga hatujambo. Baba amemaliza kuvuna mpunga na mwaka huu maji hayakutuonea. Goti la Mama linauma asubuhi tu, ikifika saa nne analisahau na kuanza kutukimbiza sote. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike, na Baba amempa jina lako, ingawa nilimwambia kuwa wewe si jike.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ninayo. Ni kweli umenipigia, na mara tatu nimekukatia kwa kusingizia mtandao. Mtandao wa Ngonga ni mbovu, hilo unalijua, lakini mara zote tatu nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa, pale unaposhika vizuri mpaka redio za Malawi zinaingilia. Nilikata mwenyewe. Mambo niliyonayo siyawezi kwa sauti. Nikikusikia tu ukiniita mdogo wangu, nakata.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi. Usishtuke, sijakamatwa, au niseme bado. Namsubiri afande mmoja aliyekwenda mahakamani tangu asubuhi, na kwenye duka la ng'ambo nimenunua daftari na kalamu, maana nimeona nikikaa bure nitaondoka.

Jambo lenyewe ni la Winnie. Wiki iliyopita ulimtumia Baba ujumbe, akanipa niusome kwa sauti kwa kuwa miwani yake imevunjika. Uliandika kuwa watu wa Ikombe wametudharau kwa kurudisha barua yako ya posa, kwamba Winnie naye amegeuza maneno na kusema sisi ndio tuliowadharau kwao kwa sababu ni Wakisi na wanafinyanga udongo, na kwamba mwisho wa mwezi huu unaachana naye, kila mtu ashike njia yake. Ulimwita mwongo. Kaka, nakuomba kwa heshima ya Mama, usimwache mtu mpaka umalize kuisoma barua hii. Winnie si mwongo. Mwongo yupo, lakini si yeye.

Ili unielewe lazima nianze na gari. Unaikumbuka siku kirikuu, kile kigari cha mizigo ulichotununulia, kilipofika nyumbani, Mama akakifunga kitenge kwenye kioo kana kwamba anamvisha bibi harusi. Uliniagiza nikajifunze udereva, nikaenda kwa Mwalimu Yusto hapa mjini. Mwalimu Yusto ni mtu mwema na anajua kufundisha, ila gari lake la kujifunzia lilikuwa halina rivasi. Gia ilikufa zamani. Kila siku alituambia kuwa somo la kurudi nyuma litafuata giaboksi ikishatengenezwa, na mpaka tunamaliza mafunzo haikutengenezwa. Tulipofika mwisho wa njia tulishuka wanafunzi wanne, tukalisukuma gari kinyumenyume kwa mikono, yeye akiwa ameshika usukani na kutusifu kwa umoja wetu. Siku ya majaribio watahiniwa tulikuwa wengi, jua kali, nikaambiwa niende mbele, nizunguke, nirudi. Nikazunguka, nikarudi. Leseni nikapewa, na sikumdanganya mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo, kaka, ule mwaka na nusu niliobeba mpunga kutoka Ngonga mpaka Kyela, sijawahi kurudisha gari nyuma hata hatua kumi. Nazunguka. Kwenye kinu cha Mzee Zebedayo nazunguka, kwenye uwanja wa kanisa nazunguka, sokoni napaki mbali halafu nasingizia kuwa namsubiri mtu. Nikibanwa kabisa nasema klachi inasumbua, na vijana wananisukuma. Mzee Zebedayo alinisifu mbele za watu kuwa madereva wa siku hizi wana papara, lakini Gwamaka ni mstaarabu, analitunza gari la kaka yake. Zile sifa nilizipokea. Nilizipenda sana, na nikaanza hata kutembea kama dereva.

Mwezi wa pili nilipoteza kitambulisho cha taifa sokoni, nikaambiwa nikachukue karatasi ya polisi ya kupotelewa. Nilikuja hapa hapa nilipo leo. Askari wa kituo hiki hawana kosa katika haya. Vituo vya polisi unavijua vilivyo. Mtu hajaiba hata sindano, lakini akiiona ile bendera anaanza kujikagua vifungo vya shati. Madereva wa bodaboda hawaingizi pikipiki humu hata kwa kuvutwa. Wanaziacha kwa mama muuza chapati ng'ambo ya barabara, kisha wanavuka kwa miguu, helmeti mkononi, sauti chini, utadhani wanakwenda kupokea meza ya Bwana. Sababu inaonekana ukishaingia tu: kando ya uzio zimepangwa pikipiki zilizokamatwa, nyingine majani yameota mpaka kwenye usukani, na kuna moja ambayo kuku wa kambini anatagia kwenye kiti chake. Wanasema anayepaki ovyo, pikipiki yake hujikuta imehamia upande ule.

Getini kuna kibao kirefu. Zima redio, shusha vioo, baiskeli ikokotwe. Ukivuka hapo unakuta mawe yaliyopakwa chokaa yanayokuonyesha njia, na nafasi ya kwanza, yenye kibanda cha bati, ni ya mkuu wa kituo. Hapo hakuna anayethubutu kuweka hata kivuli chake. Halafu ukutani, kwa rangi ya bluu, herufi kubwa zisizohitaji miwani: EGESHA KWA KURUDI NYUMA. Niliyasoma maneno hayo mara mbili, injini ikiwa inanguruma.

Askari wa getini alinieleza kwa upole kabisa kuwa kituoni gari lazima litazame geti, ili likitokea la kutokea kila mtu atoke bila kuhangaika. Nilifikiria kumwambia ukweli. Ulikuwa ni maneno manne: afande, sijui kurudi nyuma. Angenicheka, pengine angeshika usukani mwenyewe akaniingizia gari, tukaishia hapo. Lakini barazani palikuwa pamejaa watu, na katikati yao alikuwa amekaa Mzee Zebedayo, aliyekuja kwa shauri la mpaka wa shamba, akinipungia mkono na kumwonyesha jirani yake kuwa yule kijana ndiye ninayekwambia. Maneno manne yakanishinda.

Nafasi iliyokuwa imebaki ni ya mwisho, karibu na ukuta. Kwenye kivuli cha ukuta ule alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo na vyungu vyake. Baadaye nilijua kuwa pikapu iliyowaleta kutoka Matema ilikamatwa na trafiki kwa kuzidisha abiria, ikaletwa kituoni. Wenzake waliobeba vikapu walijiondokea. Yeye na mzigo ule angekwenda wapi, na askari mmoja akamwambia aushushe pale kivulini mpaka apate usafiri mwingine. Vilikuwa vyungu tisa vya Kikisi, vile vyenye michoro myekundu shingoni, vimefungiwa majani makavu ya migomba. Nikaweka gia, nikatazama kioo, nikaachia klachi, na gari likarudi nyuma kana kwamba limeitwa. Nilitaka breki, mguu ukaenda kwenye mafuta. Sauti ya chungu kimoja kikivunjika unaijua, umekulia jikoni kwa Mama. Ile ya siku hiyo siwezi kukuandikia. Watu wote barazani walisimama.

Akatoka Afande Georgina, mwenyeji wa Bukoba, mrefu, anayesema polepole kama anayesoma. Aliuliza kimetokea nini. Kabla yule mama hajafungua mdomo, mimi nilikuwa nimeshasema. Nilisema nafasi ilikuwa wazi nilipoanza kurudi, na kwamba huyu mama alivisogeza vyungu nyuma yangu nikiwa tayari natembea. Nilisema kwa utulivu, leseni ikiwa mkononi, na hata mimi mwenyewe niliyasikia maneno yangu yakiwa na akili. Mama akasema ameambiwa na askari akae pale. Huyo askari alikuwa ametoka na trafiki, hakuwepo wa kuulizwa. Afande Georgina aliitazama leseni, akaliangalia gari, kisha akaitazama miguu ya yule mama, iliyokuwa na udongo mkavu mpaka kwenye vifundo. Akamwambia kuwa maegesho ya kituo cha polisi si gulio, na aviokote vigae vyote kabla havijatoboa matairi ya serikali.

Hezekia, mimi wakati huo niliinama kuikagua bampa. Nilitoa kitambaa nikaifuta. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole, nikasonya. Yule mama alinisikia nikisonya. Aliacha kuokota, akaja mbele yangu, akapiga magoti kama mama zetu wanavyopiga magoti, mikono yote miwili pamoja, akaniomba radhi. Alisema yeye ni mtu wa ziwani, mambo ya magari hayajui, na anatumaini hajaniletea ugomvi na mwenye gari. Na mimi, mdogo wako, niliyelelewa nyumba moja na wewe, nikamjibu kuwa haina neno, mama, siku nyingine uwe mwangalifu.

Nilichukua karatasi yangu nikaondoka. Kutoka ni rahisi gari likiwa limetazama geti. Mzee Zebedayo aliomba lifti, na njia nzima mpaka Ngonga alinisifu kwa kumsamehe yule mama, akisema vijana wengine wangedai walipwe bampa. Nilimwachia aseme.

Baada ya Pasaka ukatuma barua ya posa. Baba mdogo Asegelile akawa mshenga, na akaamua kuwa kwa vile wewe uko mbali, mimi nitasimama mahali pako. Nikae ambapo ungekaa wewe, nile ambacho ungepewa wewe, ili wenye binti waione damu wanayoipelekea mtoto wao. Mama alininunulia shati jipya. Tukaliacha gari Matema, sehemu pana niliyoichagua mwenyewe, tukapanda boti kwenda Ikombe. Nilikuwa na furaha, kaka, usidhani vinginevyo. Nilikuwa nawachekesha wazee botini kwa habari zako za utotoni. Vyungu vilikuwa vimeanikwa ufukweni safu kwa safu, na hata vile havikunikumbusha kitu. Boti ilipogusa mchanga akina mama walishuka wakiimba, na mbele yao, amevaa kitenge safi, amenyoosha mikono kutupokea, alikuwa mama yake Winnie. Alikuwa ni yeye. Yule mama wa kituoni.

Nilimnong'oneza Baba mdogo kuwa tumbo limenikamata, na kwa jinsi nilivyokuwa natoka jasho aliamini. Wakashuka wao, nikabaki botini. Baada ya muda nikasikia nyayo kwenye kokoto. Mama Winnie alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikuwa amebeba uji kwenye chungu kidogo kipya kwa ajili ya tumbo langu, na aliniita mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshajifunika koti kichwani na kuwageuzia mgongo watu wote wa Ikombe. Nikatazama maji mpaka alipoweka chungu kwenye ubao wa boti akaondoka. Sikukigusa. Jioni akina mama walipowasindikiza wazee, uji ulikuwa pale pale, umeganda, nzi wanatembea juu yake, na kila mmoja aliuona. Wimbo wa kutuaga ulikuwa mfupi.

Wiki moja baadaye barua ikarudi. Wewe uliambiwa hawakutoa sababu. Sababu walitoa, ila Baba mdogo alikuficha asikuumize. Walisema mtu aliyeletwa awe mahali pa bwana harusi ameona heri akae na njaa kuliko kunywa kwenye chungu cha Mkisi, na ukoo wa namna hiyo hawawezi kuupelekea binti. Baba mdogo aliwajibu kuwa ni tumbo. Wakamuuliza, kwa adabu kabisa, ni tumbo gani linalokataa uji. Aliporudi akaniuliza mimi, nikamwambia nilikuwa nimelala. Tangu siku hiyo Baba anawalaumu wao, Winnie anatulaumu sisi, wewe unamlaumu Winnie, na mimi nabeba mpunga.

Ujumbe wako ndio ulionivunja. Kusoma kwa sauti, mbele ya Baba, kwamba unamwacha mtu unayempenda kwa sababu ya uongo wake, huku mwenye uongo ndiye msomaji. Usiku nilikataa chakula, na Mama akanipa dawa ya minyoo.

Ijumaa nilikwenda Ikombe peke yangu. Gari nililiacha. Nilipanda Hiace mpaka Matema, kutoka pale nikatembea kwa miguu kwa njia ya ufukweni. Nilimkuta Mama Winnie nyuma ya nyumba yake analainisha mdomo wa chungu kibichi kwa kipande cha kibuyu. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikamweleza yote niliyoyapanga njiani, bila kumtazama. Hakuacha kazi mpaka alipoumaliza ule mdomo, kwa sababu, alisema, udongo haungoji mtu. Halafu akaniambia kuwa amenijua tangu siku ile ya botini. Nikamuuliza amenijuaje na mimi nilijifunika. Akasema kituoni alikaa nyuma ya gari langu, na kitu alichokitazama muda wote nilipokuwa narudi ni mgongo wangu na koti lile lile. Akasema kama siku ile ningeigeuza shingo kama nilivyoigeuza botini, vyungu vyake vingepona. Wasichana wawili waliokuwa wanatwanga ng'ambo ya uzio walicheka mpaka wakaacha mchi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, si kwa mumewe wala kwa Winnie. Alijibu kuwa posa ilirudishwa na wazee kwa ajili ya uji, na yeye alipoulizwa alinyamaza, akitaka kuona kama mtoto wa watu atakuja mwenyewe. Amengoja miezi mitatu. Kisha akaniuliza jambo moja tu. Akaniuliza kama kweli siku ile sikumwona.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa napakimbia tangu nilipoanza kuandika. Kwako pia nimeandika kuwa nilitazama kioo nikaachia klachi, basi, kana kwamba kioo kilikuwa hakina mtu. Nilimwona. Nilimwona kabla sijaachia klachi. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, viganja wazi, ananizuia. Nilijua yupo na nilijua vyungu vipo, na nilijua kuwa nikisimama nitalazimika kuyasema yale maneno manne mbele ya Mzee Zebedayo. Nikajiambia atasogea. Nikajiambia huyu ni muuza vyungu tu, atasogea. Lingekuwa gari la mkuu wa kituo liko nyuma yangu, ningeshuka nikayasema yale manne na mengine kumi juu yake. Kwa hiyo Winnie akikwambia kuwa kwetu Wakisi wanaonekana watu wa udongo, usimwambie ni mwongo. Hakujua anamsema nani, lakini mmoja wetu amempata.

Mama Winnie alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba radhi, nikamwambia vyungu vyote nitavilipa. Alisema vyungu anaweza kufinyanga, ndiyo kazi yake. Asichoweza kukifinyanga ni ile siku. Yeye aliniomba radhi mbele za watu, baraza limejaa, akiwa amepiga magoti kwenye kokoto za serikali. Mimi nimekuja kumwomba yeye wakati hakuna mtu ila kuku. Alisema hivyo haviwi sawa, na kama nataka kweli, twende pale pale.

Ndiyo maana niko hapa, na hayuko mbali. Yuko pembeni yangu kwenye benchi hili, tangu asubuhi, amekaa wima, kitenge chake ni kile kile cha siku ya posa. Askari wa kaunta nimeshamwambia kuwa mwezi wa pili nilisema uongo hapa na nimekuja kuurudisha. Aliniuliza kama naumwa. Kisha akasema nimsubiri Afande Georgina kwa kuwa ndiye aliyelishika jambo lile. Pengine nitafunguliwa shitaka, sijui sheria inasemaje. Leseni nimeiweka mfukoni mwa shati, nitaitoa kabla sijaulizwa, nami sitashika usukani mpaka nipate mtu wa kunifundisha kurudi nyuma. Kirikuu kiko nyumbani, kuku wa Mama wamekihamia. Baraza leo limejaa kuliko siku ile. Mzee Zebedayo nilimwomba aje, amekuja, amekaa mbele yangu na anawaambia watu kuwa nimeitwa kutoa ushahidi. Naogopa, kaka.

Baba na Mama bado hawajui. Nitawaambia leo jioni kwa mdomo wangu. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa kuwa hasara iliyo kubwa ni yako.

Sasa hivi Mama Winnie ameniuliza ni nani ninayemwandikia mambo marefu namna hii. Nikamtajia. Akaniomba nimsomee. Nimemsomea yote, kuanzia kikohozi chako, kwa sauti ya chini, na watu wa benchi letu wote ghafla wakawa wanatazama dari. Alisikiliza huku anaiangalia ile nafasi ya mwisho pale ukutani. Nilipomaliza alisema nimeandika vizuri, ila pana mahali pamoja nimekosea. Vyungu havikuwa tisa. Vilikuwa kumi na kimoja.

Ni kweli, kaka. Na nilijua. Siku ile nilizihesabu shingo za vyungu alipokuwa anaziokota na kuzipanga kwenye kitenge chake, zilikuwa kumi na moja. Ningeweza kurudi juu nikafuta tisa nikasahihisha. Nimeiacha ili uione mwenyewe. Hata leo, nimekuja kukiri, goti la mwenye vyungu likigusa goti langu, bado nilikuwa napunguza viwili.

Amesema anakusalimu. Amesema pia nikuulize kama uji unakunywa wa chumvi au wa sukari, maana mdogo wako hakumpa nafasi ya kujua. Mimi sielewi kama hilo ni jibu la posa au ni uji tu. Muulize Winnie, leo hii, kabla hujafanya lingine lolote, na ukimuuliza uanze na samahani.

Naishia hapa. Gari la polisi limeingia getini na Afande Georgina yumo ndani. Linarudi nyuma taratibu kwenye nafasi yake, na dereva ametoa kichwa chote dirishani anatazama anakokwenda. Mama Winnie ameshasimama, anakung'uta kitenge. Nisalimie walimu wenzako na huyo jirani yako wa kuazima chumvi, na Winnie mpe salamu zangu kama atazipokea. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Mbeya, yeye atakutafutia wa Mpanda. Ukitaka kunipigia, piga. Safari hii sitakata.

Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Gwamaka